Kabari Chini ya Madigadi

Kwacha-kwacha! Kwacha-kwacha! Kwacha!

Sauti ndiyo iliyotangulia. Ukungu ulikuwa umekifunika kijiji chote cha Malindi, kule milimani juu ya Lushoto, hata wanafunzi waliokuwa wakipalilia kabichi katika shamba la shule hawakuweza kuona mwisho wa matuta yao. Hata hivyo, hakuna aliyeuliza ni kitu gani kinachopanda mlima.

"Mwanamisi, baba yako huyo!" Hezekia alipaza sauti. "Anakuja na ngoma yake!"

Darasa zima la sita likacheka. Mwanamisi aliinamia jembe lake na kulipiga chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Baba yake, Salimu, alikuwa dereva wa gari la kijiji. Wanakijiji walikuwa wameinunua pikapu ile, ingawa ilikuwa imetumika, kwa mazao ya shamba lao la ujamaa, na kila mmoja aliiita "gari langu". Wakati wa masika jiwe liliporomoka kutoka mlimani likaipiga madigadi ya kushoto, lile bati linalofunika gurudumu la mbele. Bati lilikunjamana kama karatasi, likachanika upande mmoja, na tangu siku hiyo gari likawa na ngoma. Watoto wadogo waliukimbilia mlio ule barabarani na kuuchezea.

"Ngoma hiyo nitainyamazisha mimi," alisema Mwanamisi.

"Wewe? Kwa ushairi?" Hezekia akamtania.

"Kwa mikono hii." Akamwonyesha viganja vyake vilivyojaa udongo.

Mwanamisi alikuwa hodari wa kutunga mashairi. Mwalimu mkuu alikuwa amemchagua akaghani shairi mjini Lushoto siku ya Saba Saba, mbele ya wageni na vijiji vyote. Hakuwa mtoto wa kusema jambo akaliacha chini.

Jioni ya siku ile wanakijiji walikutana shuleni. Nikodemo, mwenyekiti wa kijiji, alimwita Salimu aeleze habari za gari.

"Nimempelekea Fundi Paskali kule Lushoto," Salimu alisema. "Anasema gari libaki gereji. Afungue madigadi yote, atazame kilicho ndani, ndipo anyooshe bati. Bei yake si ndogo. Itachukua zile fedha tulizoweka za kuezeka zahanati."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni.

"Kuta za zahanati zimesimama bila paa tangu mwaka jana. Mvua zikija tena, zitarudi kuwa udongo. Leo fedha za mabati tukampe mtu wa mjini atugongeegongee madigadi?"

"Na gari likifa, hayo mabati yatapandaje huku?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma. "Utayabeba kichwani?"

"Nimekwisha kubeba mengi kichwani, mzee wangu. Wewe nimekuona umebeba bakora tu."

Kicheko kilienea chumba kizima. Nikodemo alinyamazisha watu kwa mkono, kisha akamwona Mwanamisi kwenye kundi la wanafunzi.

"Haya, mshairi wetu. Shule inafundisha elimu ya kujitegemea. Vijana mnasemaje?"

Mwanamisi alisimama. Sauti yake ilitoka safi:

*Gari letu mali yetu, mikono yetu gereji,*
*Nyundo yetu jasho letu, fundi hatumhitaji!*

Makofi yalipigwa hata vumbi likatoka kwenye madawati. Watu waliurudia ubeti mara kadhaa, na kila walipofika "fundi hatumhitaji" walipiga miguu chini. Nikodemo alicheka kwa furaha. "Mkutano umekwisha! Mtoto ameumaliza. Gari letu tutalinyoosha wenyewe."

Salimu peke yake hakupiga makofi. Nje, kabla ya kutengana, alimwambia binti yake, "Kesho nashuka Muheza kumwona baba yako mkubwa, ni mgonjwa. Bati mnyooshe, sina neno. Lakini kile kinachogonga kiko ndani, nami sijakiona. Hicho msikiguse mpaka nirudi. Umenisikia?"

"Nimesikia, tate," Mwanamisi alijibu. Kila alipotaka kumpendeza baba yake alimwita kwa Kishambaa.

Kazi ilianza kesho yake baada ya masomo. Mwalimu wa useremala aliwasaidia wanafunzi kuifungua madigadi pale ilipokubali kufunguka, akawaazima nyundo za mbao ili bati lisipate makovu. Hezekia alijaza mchanga kwenye mfuko, akauweka chini ya bati, akaanza kugonga polepole kutoka pembeni kuelekea katikati. Mwanamisi na wenzake walipokezana naye. Viganja vilitoka malengelenge. Wengine walikwenda nyumbani, wengine walirudi. Mwanamisi hakuondoka. Siku ya pili bati lilianza kurudi katika umbo lake, na watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama.

Lakini palibaki mashimo madogo na ule mpasuko.

"Mafundi huziba kwa puti," alisema Hezekia. "Sisi puti tutaipata wapi?"

Mwanamisi alifikiri. Akaikumbuka nyumba ya bibi yake, jinsi bibi alivyokandika ukuta hata ukawa laini kama sahani. "Fundi ana puti yake, sisi tuna yetu. Twende mtoni."

Walichimba udongo mweupe, wakauchekecha, wakachanganya na majivu. Ili ushike, walikwenda kugema utomvu wa miti ya miwati na kuuyeyusha kwa maji ya moto. Mwanamisi alikandika mpasuko na mashimo yote kwa kidole gumba, akasugua kwa jiwe la mtoni, kama bibi alivyomfundisha. Ulipokauka walipiga msasa, kisha wakapaka rangi ya kijani iliyobaki ilipopakwa milango ya shule.

Madigadi iling'aa! Watoto walijitazama ndani yake na kutoa ndimi. Hata yule mama aliyemtania mzee wa bakora alikuja, akaipapasa, akasema, "Mtu wa mjini akale wapi sasa?"

Walipokwisha kuifunga mahali pake, Hezekia alipanda nyuma ya pikapu na kurukaruka ili kuijaribu.

Kwacha! Kwacha-kwacha!

Mtoto mmoja mdogo akaanza kucheza ngoma yake ya kila siku, na wenzake wakaangua kicheko. Mwanamisi alihisi masikio yake yakipata moto. Kijiji kizima kilikuwa kikiimba shairi lake, na ngoma ilikuwa palepale.

Wenzao walipoondoka, alichukua kipande cha mti wa muwati na panga.

"Unafanya nini?" Hezekia aliuliza.

"Nachonga kabari."

"Baba yako alisema tusikiguse kinachogonga."

"Sitakigusa. Nikipachika kabari, hakitagonga. Kisipogonga, nitakuwa nimegusa nini?"

"Hapo umesema kama karani wa mahakama," Hezekia alisema, lakini hakucheka.

Mwanamisi alijilaza chini, akaingiza kichwa nyuma ya gurudumu. Na hapo alikiona. Palikuwa na mkono wa chuma, mnene kama mpini wa jembe, ulioshikilia madigadi kwenye fremu ya gari. Katikati yake ulipita ufa mweusi, mwembamba kama unywele. Gari lilipotikiswa, ufa ulifunguka na kujifunga kama mdomo.

Aliutazama. Akamwona baba yake akisema, "Msikiguse." Akayasikia pia makofi ya mkutanoni. Saba Saba ilikuwa karibu sana. Akaipachika kabari kati ya chuma na bati, akaipiga nyundo ikakaza, kisha akakandika udongo mweupe juu ya kila kitu hata ufa usionekane.

Hezekia aliruka tena nyuma ya pikapu. Kimya.

Salimu aliporudi kutoka Muheza, alilizunguka gari akatikisa kichwa kwa mshangao. Aliitikisa madigadi. Kimya.

"Kumbe kilichokuwa kinagonga ni nini?" aliuliza.

"Kilikuwa kimelegea tu, tate," alisema Mwanamisi. "Tumekikaza."

Baba alimtazama, akaweka kiganja kichwani pake. "Hodari, mwanangu."

Neno hilo alikuwa amelitamani. Alipolipata, halikuwa na utamu wowote. Usiku ule hakumaliza chakula chake.

Asubuhi ya Saba Saba manyunyu yalikuwa yakianguka. Pikapu ilijazwa kabichi. Mpango ulikuwa kuwashusha wasafiri Lushoto, kisha Salimu aendelee peke yake na mzigo mpaka Mombo, kwenye barabara ile yenye kona kali, mlima upande huu na bonde upande ule. Hezekia alijifunika turubai juu ya kabichi. Mbele walikaa Salimu kwenye usukani, Nikodemo katikati, na Mwanamisi dirishani upande wa kushoto, amevaa sweta lake jipya.

Nikodemo hakuweza kutulia. "Salimu, sikiliza gari lilivyotulia! Kama limetoka dukani!" Akapiga mapaja yake na kuimba, "Nyundo yetu jasho letu, fundi hatumhitaji! Mwanamisi, leo Lushoto watatutambua."

"Ndiyo, mwenyekiti," Mwanamisi alisema kwa sauti ndogo.

Alikuwa akiitazama madigadi. Walipopita njia ya kwenda Kwai, mvua iliongezeka. Mstari mweupe ulichuruzika juu ya rangi ya kijani, mwembamba kama maziwa. Kisha wa pili. Udongo ulikuwa ukiyeyuka. Nyumba ya bibi ilikuwa na paa refu la kuikinga na mvua. Gari halikuwa na paa juu ya madigadi. Jambo dogo kama hilo, kwa nini hakulifikiria?

Na kama udongo wa nje unayeyuka, ule wa ndani?

Alitega sikio. Hakusikia kitu. Siku zote ukimya ule ulikuwa sifa yake, na sasa ulimtisha. Ngoma ilipokuwa ikigonga, baba alijua kuwa kuna ubovu, akapunguza mwendo kwenye kona. Leo hakujua lolote. Leo aliendesha kama mtu anayemwamini binti yake.

Mbele yao, katika ukungu, ulianza mteremko wa msitu wa Magamba.

Akisema, mwenyekiti atasikia. Lushoto nzima itasikia. Watamwita mshairi wa udongo. Asiposema...

"Fundi hatumhitaji!" Nikodemo aliimba.

"Tate, simama!"

Salimu alikanyaga breki. Hezekia alipiga ukelele nyuma, kabichi moja ikadondoka barabarani na kuviringika kwenye mtaro.

"Kuna nini?"

"Simama, tate, usishuke mteremko huu. Nilikudanganya." Machozi yalimtoka lakini hakuacha kusema. "Hakikuwa kimelegea. Kuna chuma kimepasuka ndani. Nilikiona. Nimetia kabari na kukandika juu yake ili kisigonge."

Salimu alizima injini, akatia jiwe nyuma ya gurudumu na jingine mbele, kisha akajilaza matopeni chini ya madigadi. Alipotoka, kabari ilikuwa mkononi mwake.

"Sikuivuta," alisema. "Nimeigusa tu, ikaanguka. Ingeanguka yenyewe kwenye kona, na bati lingekaa juu ya tairi. Usukani ungekataa kugeuka."

Nikodemo alilitazama bonde lililojaa ukungu. Akavua kofia yake. "Na mimi nimeimba njia nzima," alisema.

Salimu hakumpigia binti yake kelele, na hilo lilimuuma Mwanamisi zaidi. Alichukua kamba ya katani kwenye kabichi, akaining'iniza madigadi kwa kuifunga kwenye boneti, isiguse tairi. "Tutashuka polepole mpaka gereji. Hezekia na mwenyekiti, tangulieni kwa miguu mzuie magari yanayopanda. Wewe, Mwanamisi, utatembea kando ya gurudumu hili. Kitaanza kugonga tena. Kikiendelea kugonga, nenda. Ukiacha kukisikia, ujue kimekatika; piga kelele kwa nguvu zako zote."

Kwacha... kwacha... kwacha...

Aliteremka mteremko wote namna hiyo, sweta jipya likiwa limelowa, viatu vimejaa tope, hakuondoa macho kwenye gurudumu. Watu waliokuwa wakienda kwenye sherehe walimcheka. Hakuwajibu. Hakuwahi kusikiliza mlio wowote kwa makini kama ule.

Fundi Paskali walimkuta akifunga mlango wa gereji yake, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shikamoo," Mwanamisi na Hezekia walisema pamoja.

"Marahaba. Leo Saba Saba, jamani, sifanyi kazi hata kwa..." Akasita. Akaisogelea madigadi, akakwangua kwa ukucha. "Eh! Nani amelikandika gari kama nyumba?"

"Mimi," alisema Mwanamisi.

"Wewe ndiye uliyetunga lile shairi la fundi hatumhitaji? Limefika hapa kabla yako. Mke wangu analiimba akiosha vyombo, ananikera!" Paskali alicheka kwa sauti, akainama, akachungulia ndani. Kicheko kikakatika. "Salimu, umeshuka Magamba na kitu hiki?"

"Huyu ndiye aliyetusimamisha," Salimu alisema.

Paskali alilivua shati lake jeupe akalitundika msumarini. Alipapasa bati kwa muda mrefu. "Hapa pamenyooka. Nani alipagonga?"

"Mimi na wenzangu," Hezekia alisema kwa woga. "Kwa nyundo za mbao na mfuko wa mchanga."

"Pamenyooka vizuri. Sitapagusa." Akamgeukia Nikodemo. "Mwenyekiti, tusikilizane. Bei niliyotaja ilikuwa ya kazi yote. Huo mkono wa chuma ni wangu. Nitauchomelea kwa moto, na mpasuko wa bati pia. Moto haujaribiwi na mtu asiyeujua. Lakini kukwangua huu udongo wa bibi, kupiga msasa, kupaka rangi, hayo leteni vijana wenu. Nitawaonyesha puti inavyokorogwa. Nilipeni moto tu."

"Na mabati ya zahanati?" Nikodemo aliuliza.

"Yatapungua kidogo. Hayataisha."

"Upungufu tutaulimia," alisema Nikodemo, akampa mkono.

Kabichi zilichukuliwa na lori la kijiji jirani lililokuwa likienda Mombo. Mwanamisi alinawa miguu bombani na kwenda uwanjani akiwa amelowa. Nikodemo alitembea naye.

"Mwanangu, shairi lako sasa litasemaje? Ukitaka, nimwambie mwalimu mkuu kuwa unaumwa."

"Siumwi, mwenyekiti."

Alipoitwa jukwaani, watu wa Malindi walianza kupiga makofi kabla hajafungua kinywa. Waliyajua maneno. Walikuwa tayari kupiga miguu chini. Mwanamisi alisubiri wanyamaze, akamtafuta baba yake kwa macho, akaghani:

*Gari letu mali yetu, mikono yetu gereji,*
*Nyundo yetu jasho letu, na fundi twamhitaji!*

Watu wa Malindi walitazamana. Wengine walikuwa wamekwisha kuinua miguu, wakaishusha taratibu. Kisha nyuma ya umati, karibu na uzio, mtu mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi akapiga mluzi mkubwa, na Nikodemo akaanza kupiga makofi, na uwanja ukafuata.

Jumamosi iliyofuata wanafunzi walishinda gereji. Walikwangua, wakapiga msasa, wakakoroga puti, wakakosea, wakakoroga tena. Paskali aliwatania na kuwasahihisha. Aliposhika moto wa kuchomelea aliwaamuru wote wakae mbali na wageuze nyuso, na safari hii hakuna aliyebishana.

Jioni Mwanamisi alipanda mlima na baba yake. Gari lilikuwa kimya, na chini ya madigadi hapakuwa na kabari. Walipofika pale waliposimama siku ya Saba Saba, Salimu alipunguza mwendo. Kabichi iliyooza ilikuwa bado mtaroni.

"Ulifikiri kujitegemea ni nini?" aliuliza.

"Kufanya kila kitu wenyewe."

"Mimi nalima, lakini jembe langu sikulifua. Mwalimu anafundisha, lakini kiatu chake hakukishona. Kujitegemea ni kufanya kwa bidii kile unachokiweza, kujifunza kile usichokiweza, na kumwita mwenye ufundi pale kosa linapoweza kuua mtu. Mlinyoosha bati, nami naona fahari. Nitawaambia watu wote kuwa mwanangu amenyoosha bati." Aliikata kona kwa uangalifu. "Lakini bei ya fundi tunaweza kuilimia. Uongo wako, kama ungetutupa bondeni, ningeulipa kwa kitu gani?"

Mwanamisi alilitazama bonde. Ukungu ulikuwa umeondoka, na miti ilionekana mpaka chini kabisa. Alijifuta macho kwa mkono wa sweta, akakaa wima, akasema kwa sauti ile aliyoitumia jukwaani:

"Tate, nakuahidi. Kitu kikigonga, sitakinyamazisha kabla hatujajua kwa nini kinagonga. Na nikiona ufa, nitakuambia siku hiyohiyo, hata kama watu wote wananipigia makofi."